Barua ya Kuomba Nafasi

Kazi yangu ni kugawa nafasi. Nakaa kwenye ofisi isiyo na dirisha katika hospitali moja upande wa magharibi wa Sydney, na kutwa nzima nawapangia watu siku na saa za kuonana na madaktari. Nimeifanya kazi hii miaka kumi na minne. Kiingereza changu cha simu kimenyooka kiasi kwamba watu wanaonisikia bila kuniona hunisimulia habari za majirani zao weusi. Najua namna ya kumwambia mtu hakuna nafasi asikasirike. Unaanza na samahani, sauti unaishusha kidogo, unamalizia na labda wiki ijayo. Nayasema haya mapema usije ukadhani sikujua nilichokuwa nafanyiwa. Nilijua vizuri sana.

Barua nimeandika nyingi maishani, lakini niliyoionea fahari ni moja tu. Ndiyo hiyo iliyomkosesha mama yangu nyumba yake.

Nianze na barua yenyewe. Tuna kikundi cha akina mama kinachokutana Blacktown Jumapili baada ya kanisa. Wengi ni Wakongo wa mashariki waliofika kama wakimbizi, wanafanya kazi kwenye maghala na kwenye nyumba za kutunzia wazee. Wapo Warundi wawili, Mtanzania mmoja, na sisi Wakenya wachache wenye maneno mengi. Kila mtu ana Kiswahili chake, na pale kinaposhindwa tunaongeza kelele.

Mwaka mmoja joto lilituzidi, tukaamua kwenda bwawani. Ni bwawa la umma, la halmashauri, mtu yeyote anaingia. Tulikuwa kumi na mmoja. Wengine tulivaa nguo za kuogelea, wengine fulana na suruali, na yule mkubwa wetu, mama mmoja wa Bukavu ambaye hakuna anayethubutu kumpinga, alijifunga kitenge juu ya vyote. Tulipoingia majini, waliokuwemo wakaanza kutoka. Hakuna aliyesema neno baya. Mmoja alikumbuka taulo lake, mwingine akamwita mtoto wake aje ale, mwingine akaona jua ni kali. Baada ya robo saa tulibaki peke yetu kwenye maji ya urefu wa mita hamsini, na pembeni watu wamekaa wakingoja. Tukitoka, wanaingia. Tukirudi, wanatoka.

"Jamani, tumewekwa zamu," akasema yule Mtanzania.

Tulicheka sana. Kwenye gari mtu akawasha redio, tukaisikiliza mpaka nyumbani.

Jumapili iliyofuata mama wa Bukavu alinishika mkono mbele ya wote. "Dada, wewe njo mwenye Kiingereza. Utuandikie barua. Siye hatuombe makubwa. Waambie tunataka nafasi tu, nafasi kama batu bote."

Nikaandika. Nilikaa nayo siku tatu mezani, nikaifuta, nikaipamba. Niliwaeleza halmashauri kuhusu mila zetu, kuhusu mavazi ya staha, kuhusu wanawake waliopitia mengi. Nikasema, kwa niaba ya wanawake wa Kiafrika wa eneo hili, kwamba tungefurahi mno kupata muda wa peke yetu bwawani, tuogelee kwa utulivu bila kuwasumbua wengine. Nikatia sahihi. Nilipowasomea wenzangu, nusu yao hawakuelewa Kiingereza hicho, wakapiga makofi kwa sababu kilisikika vizuri.

Jibu lilikuja haraka kuliko nilivyotegemea. Tumepewa Jumapili, saa kumi na moja jioni mpaka saa kumi na mbili, saa ya mwisho kabla hawajafunga. Alikuja mtu akatupiga picha ya jarida la halmashauri, tumesimama ukingoni tumeshikana mabega. Mama wa Bukavu aliipachika barua ya jibu ukutani pale tunapokutania. Tulipika, tukaimba. Wiki za kwanza zilikuwa na furaha ya kweli, na hilo siwezi kulikana. Wanawake waliokuwa wakiogopa hata beseni walijifunza kuelea.

Mmoja wa Warundi ndiye aliyeuliza. Alikuwa amekaa ukingoni, anakausha nywele. "Mbona kila tukimaliza tu wanatia dawa kwenye maji?"

Nilimjibu kwamba dawa hutiwa kila siku wakati wa kufunga. Sikuwa na hakika. Nilisema tu ili yaishe.

Sasa mama yangu. Amefundisha Kiswahili shule za msingi za Taita miaka thelathini na sita, na kustaafu hakujamtuliza. Husahihisha matangazo ya redio. Husahihisha mahubiri padri akiwa bado madhabahuni, kwa kunong'ona, na mnong'ono wake unafika benchi la nyuma. Alipokuja kunitembelea nikampeleka kwenye kikundi chetu, na hakumaliza dakika tano kabla ya kuanza kuwarekebishia Wakongo ngeli. Walimpenda palepale, wakamwita Mwalimu.

Nyumba yake iko mlimani. Gari haliifikii. Linaishia barabarani, na kutoka hapo kuna ngazi za mawe sitini na mbili ambazo alizijenga mwenyewe kidogo kidogo, kila akipata fundi. Kaka yangu anakaa Voi, chini kwenye joto, na kwa miaka amekuwa akimbembeleza ashuke akae naye. Ana chumba cha nyuma, kile cha karibu na tangi. Jibu la mama lilikuwa moja siku zote: "Nitashuka siku nitakayobebwa."

Wiki ya tatu tangu afike, aliteleza bafuni kwangu akavunjika nyonga.

Alipasuliwa, wakamwekea vyuma, akarudi nyumbani na fremu ya kutembelea. Viza yake ilikuwa imebakiza wiki kumi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti mpole mwenye mikono ya nguvu, alinieleza bila kuzunguka: maji ya uvuguvugu, mara tatu kwa wiki, wiki nane zisizokatika. Nyama za paja zisipofanya kazi sasa, zitabaki zilivyo.

"Muulize kuhusu ngazi," akasema mama. "Mwambie ni sitini na mbili."

Nikamuuliza. Yule binti akamtazama mama, si mimi. Akasema kwa maji, ndiyo, polepole, atazipanda. Bila maji hataki kumdanganya.

Kwa hiyo tulijua, sote wawili, kilichokuwa mezani. Bwawa la hospitali lilikuwa na foleni ya miezi, na mgeni wa viza ya matembezi hata kwenye foleni haingii. Orodha hiyo naitunza mimi mwenyewe. Niliifungua mara mbili, nikaliweka jina la mama juu, nikalifuta. Lakini lile bwawa la umma, kwenye chumba cha nyuma, lilikuwa na kidimbwi cha maji ya uvuguvugu, chenye mteremko wa kuingilia na vyuma vya kushika pande zote mbili. Ukutani pameandikwa: asubuhi, wazi kwa wote.

Jumanne ya kwanza tuliingia bila shida. Kulikuwa na wazee saba au wanane, wote Wazungu, wamevaa kofia za plastiki, wanapiga soga. Mama alivaa nguo ya kuogelea nyeusi yenye mikono, na kilemba kichwani. Akashuka taratibu, mkono mmoja kwenye chuma, mwingine begani kwangu, mpaka maji yakamfika kifuani. Kisha akawasalimu wote kwa ile sauti yake ya darasani.

"Hamjambo!"

Walitabasamu. Ndani ya dakika kumi walikuwa wametoka. Wa kwanza alisema maji yamepoa. Wawili walikumbuka kahawa. Mzee mmoja mwenye mguu mbovu kuliko wa mama alipanda ule mteremko akitetemeka, hatua kwa hatua, na alipofika juu akakaa kwenye benchi na taulo mabegani, anatazama saa ya ukutani.

Mama akageuka huku na huku, akaona maji yote yamebaki yake, uso ukamng'aa.

"Wametupisha," akasema. "Umeona? Wameona mtu mzima ana mguu, wametupisha. Watu hawa wana adabu, nyinyi mnawasingizia bure." Akawainulia mkono wale wa kwenye benchi. "Asanteni! Asanteni sana! Hebu nitafsirie. Waambie nimeshukuru."

Nikawaambia. Nilisimama ndani ya maji yale nikasema, kwa Kiingereza changu kizuri, kwamba mama yangu anawashukuru kwa kumpisha. Yule mzee wa mguu mbovu aliangalia chini. Wengine walitikisa vichwa wakasema si kitu.

Siku hiyo mama alitembea hatua nne bila kushika chochote. Alizihesabu kwa sauti. Kwenye gari alinieleza, kwa uzito wa mtu anayepanga bajeti ya shule, kwamba hatua nne kwa siku moja ni kumi na mbili kwa wiki, na ukizidisha kwa nane, ngazi sitini na mbili si kitu. Nilimwambia hesabu za mwili haziendi hivyo. Akaniambia niendeshe gari.

Alhamisi binti wa mapokezi alitupokea kwa tabasamu. Samahani sana, kidimbwi kimejaa leo, labda wiki ijayo. Sauti yake ilishuka palepale ninaposhushia mimi. Nyuma yake, kupitia kioo, nilihesabu vichwa vitatu. Nilimwambia mama kuna darasa. Jumamosi tuliambiwa mtambo wa kupashia maji una hitilafu, na mvuke ulikuwa unapanda kwenye kioo mbele ya macho yangu. Jumanne alitoka meneja mwenyewe, kijana mstaarabu, ana faili mkononi.

Alizungumza nami kando, mama akiwa amekaa kwenye kiti karibu na mlango, mfuko wa taulo mapajani. Alisema wateja wa asubuhi wanalalamika kuhusu msongamano. Alisema kituo kinathamini sana jamii yetu, na ndiyo maana tulipewa saa yetu. Nikamwambia hiyo ni ya kikundi, huyu ni mama yangu, ana nyonga, hana kikundi. Akafungua faili. Barua yangu ilikuwa juu kabisa, imetobolewa pembeni, sahihi yangu ya madoido chini. Akaniwekea kidole kwenye mstari. Kwa niaba ya wanawake wa Kiafrika wa eneo hili. Muda wa peke yetu. Bila kuwasumbua wengine.

"Mliomba wenyewe," akasema, "nasi tumejitahidi kuliheshimu ombi lenu."

Mama ni mwanamke. Ni Mwafrika. Alikuwa kwenye eneo hilo. Nilitafuta mlango wa kutokea katika sentensi ile na sikuuona, kwa sababu niliijenga mimi na niliijenga vizuri.

Nilipaza sauti. Nilisema haya mambo yamepigwa marufuku, nilisema nitakwenda mbele, nilisema kuna vichwa vitatu mle ndani na nimevihesabu. Meneja akarudi nyuma hatua moja. Binti wa mapokezi akasogeza mkono kwenye simu. Nikamwona mama ananitazama, nikanyamaza.

"Anasema nini?" mama akauliza.

"Anasema kuna fomu ya kujaza, Mama."

"Basi si ujaze."

Nilijaza. Nilijaza fomu ya halmashauri, nikapiga simu ofisi inayosikiliza malalamiko ya ubaguzi, nikazungumza na mama mmoja mwenye huruma aliyenipa namba ya kumbukumbu na kuniambia jambo hili ni zito, litachukua miezi. Nikamwambia nina wiki saba. Akasema pole, na nadhani pole yake ilikuwa ya kweli. Tukajaribu bwawa jingine, treni mbili na basi, na lifti ya stesheni siku hiyo ilikuwa mbovu. Mama alipanda ngazi za stesheni kwa makalio, moja moja, akiwa amekaa, watu wanampita. Alilala siku mbili, na mtaalamu wa mazoezi akatukataza kurudia safari ile.

Zikabaki wiki sita. Nilirudi peke yangu kwa meneja, safari hii kwa upole, nikamwambia naifuta barua. Naandika nyingine sasa hivi, mbele yako, niseme hatutaki saa ya peke yetu. Akaniambia saa ile ni ya jamii nzima na mtu mmoja hawezi kuifuta. Nilimngoja yule mzee wa mguu mbovu kwenye maegesho, nikamwomba atusemee, kwa sababu yeye anajua mguu ni nini. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema yeye binafsi hana tatizo. Kila niliyemuuliza hakuwa na tatizo yeye binafsi. Nilipofika garini nililia kwa sauti kubwa, kilio cha matanga, na mama mmoja mwenye mkokoteni wa ununuzi akaharakisha kunipita.

Nyumbani tulifanya mazoezi ya kiti na mkanda. Mama alihesabu. Mguu ulizidi kukakamaa, nikawa naona asubuhi anavyouinua kwa mikono miwili kuushusha kitandani, akidhani bado nimelala.

Zilipobaki wiki nne, mama wa Bukavu alikuja kututembelea na sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo. Nilimwambia kila kitu jikoni, kwa kunong'ona. Aliisogeza sufuria pembeni. Kisha akasema, "Tumulete Mwalimu Jumapili. Siye tutamushika."

Nilijua kidimbwi cha uvuguvugu hufungwa Jumapili saa kumi. Nilijua bwawa kubwa maji yake ni baridi na halina mteremko, lina ngazi ya chuma iliyosimama wima. Lakini mtu akikosa la kufanya hufanya lililopo, nami nilikuwa nimechoka kuwa mwenye akili peke yangu. Tukampeleka.

Walikuja wote. Wanne walitangulia majini, wengine wakabaki juu, na mama akateremshwa mikono kwa mikono, kitenge kimemzunguka kiunoni ili wawe na pa kushika. Walimwimbia. Alicheka, akawakemea wasimtie aibu. Maji yalipomfika mapajani akaacha kucheka. Yalipomfika kiunoni nyama za mguu zilikaza zote kwa pamoja, na mama, ambaye hakulia mbele yangu hata siku ya kumzika baba, alipiga ukelele mmoja. Wimbo ukakatika. Mama wa Bukavu alikuwa amemkumbatia kwa mbele, anasema, "Pole Mwalimu, pole Mwalimu, shika miye, shika miye." Ilituchukua muda mrefu kumtoa. Tulimlaza ukingoni, tukamfunika vitenge vyote tulivyokuwa navyo, na kijana wa zamu akaja kutuuliza kama tunahitaji msaada, akatukumbusha kwamba zimebaki dakika ishirini.

Mama alikuwa amelala ubavu, anatazama ule ukuta wa kioo wa chumba cha kidimbwi. Ndani taa zimezimwa, lakini maji yalionekana.

"Si ni kile pale?" akauliza. "Mbona hawakifungui?"

"Kimefungwa, Mama. Saa yetu si ya kile."

"Saa yetu ndiyo nini? Na wale waliotupisha? Si tuje wakati wao? Watatupisha tena."

Wanawake wote walikuwa wanasikiliza. Hakuna aliyenisaidia. Nikamwambia mama kwamba hawakutupisha. Nilimwambia palepale, akiwa amelowa, kwamba walitoka kwa sababu tuliingia.

Alivuta kitenge mpaka kidevuni. Baadaye sana, tukiwa garini, aliniuliza kama siku ile nilipomtafsiria asante zake nilikuwa najua. Nikasema nilikuwa najua. "Na ukaniacha niwashukuru," akasema.

Usiku ule nilimweleza jinsi tulivyoiomba saa ile, akaitaka barua. Nilikuwa na nakala. Alikaa mezani jikoni, akavaa miwani, akasema nimsomee kwa Kiswahili, nisiruke kitu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisikia barua ile katika lugha iliyoombwa nayo. Mila zetu, mavazi ya staha, muda wa peke yetu, bila kuwasumbua wengine. Kwa Kiswahili haikuwa nzuri hata kidogo. Ilisikika barua ya mtu anayeomba radhi.

"Wao walikwambia uandike nini?" akauliza. "Maneno yao. Si yako."

Nikajaribu kumweleza kwa jumla. Akagonga meza kwa kidole kimoja. Darasa zima la Taita linaijua sauti hiyo.

"Walisema wanataka nafasi kama watu wote," nikasema.

"Nafasi." Alilishika neno akaligeuza. "Kwenye basi mtu akisema hakuna nafasi, anasema viti vimejaa. Mtu akisema apewe nafasi, anasema naye ajaribu. Neno ni hilo hilo moja. Kinachokwambia ni nafasi gani ni maneno yanayofuata. Yanafuata maneno gani hapo?"

"Kama watu wote."

"Yako wapi?"

Nilitazama karatasi, nikijua hayapo. Nilikumbuka hata nilivyoyaacha. Niliyaona ni ya kulalamika. Kwa Kiingereza yalisikika kama madai, nami nilitaka tuonekane watu wapole, watu wenye mila, watu wa kupigwa picha. Nilisema hivyo kwa mama, karibu kwa maneno hayo hayo, na nilikuwa nalia.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliomba kalamu nyekundu. Sikuwa nayo, nikampa ya bluu. Akachora ile alama ya walimu, kijipembe cha kuonyesha kuna maneno yamerukwa, baada ya sentensi yangu nzuri kuliko zote, na juu yake akaandika kwa mwandiko wa ubaoni: kama watu wote. Akaikunja karatasi mara mbili.

"Wapelekee," akasema. "Ndilo sahihisho."

Nilipeleka asubuhi yake, nimeambatanisha tafsiri na maelezo ya kurasa mbili. Binti wa mapokezi aliuliza ile ni lugha gani. Nikamwambia. Akaipiga muhuri wa kupokelewa.

Wiki nne ziliisha bila jibu. Siku ya safari, pale uwanja wa ndege, kijana mmoja alimkalisha mama kwenye kiti cha magurudumu, mfuko mapajani, akamsukuma. Mama alikuwa amevaa viatu vyake vya kupandia mlima, amevifunga kamba vizuri. Alitaka kuniaga kwa kusimama. Alijaribu mara mbili, kisha akaniashiria niiname mimi.

Kaka yangu alimpokea Mombasa, akampeleka Voi moja kwa moja. Anakaa kwenye kile chumba cha nyuma, karibu na tangi. Mlango unaangalia ukuta. Nyumba ya mlimani ameachiwa jirani aifungue madirisha mara moja kwa wiki. Mama haizungumzii. Ninapompigia huniuliza nimekula nini, na kama bado ninasema "mlango amefungwa," kosa nililolifanya nikiwa na miaka sita.

Jibu la halmashauri lilifika mwezi wa pili baada ya yeye kuondoka. Barua ndefu, ya adabu. Walisema wameguswa na ombi letu, na hasa na yale maneno yaliyoandikwa kwa mkono katika lugha yetu. Walisema wamelizingatia kwa makini. Kuanzia mwezi ujao wanafurahi kutupatia, pamoja na ile ya Jumapili, saa nyingine kwenye kidimbwi cha uvuguvugu, Alhamisi, ya kwanza kabisa asubuhi kabla hawajafungulia watu wote. Saa ya peke yetu. Wangependa kuja kutupiga picha.

Niliisoma ofisini, simu inaita. Sijaipeleka kwa kikundi mpaka leo.

Jumamosi hiyo nilimpigia mama. Kaka alimpa simu, nikasikia kiti kikikwaruza sakafu akisogezwa mlangoni ambako mtandao ni mzuri. Tuliongea habari za kuku wa kaka. Kisha akauliza kama wale watu wa bwawa wamejibu.

"Wamejibu, Mama."

"Wametupa nafasi?"

"Wametupa."

"Ile yenyewe? Kama watu wote?"

Nilimwambia mtandao unasumbua, simsikii vizuri.